Ng'ombe Ndani ya Sindano

Nilipita seminari ndogo ujanani, nikatoka bila upadri ila na Kilatini cha kutosha kunisumbua hadi leo. Kilatini ni kama koti zito la marehemu mjomba: Morogoro utalivaa wapi, na kulitupa huwezi, basi unangoja siku yenye kiwingu chochote ulitoe kabatini. Kiwingu changu kilikuwa darasa la tatu, mwaka 2014, katika shule moja ya inglishi midiamu nilikokuwa nafundisha Kiingereza.

Somo lilikuwa wanyama. Kitabu kilitaka watoto wajue dog, cat na cow, basi. Mimi nikaona huko ni kuwadharau watoto wa watu. Nikaandika ubaoni: canis, canine, mbwa, felis, feline, paka, equus, equine, farasi, porcus, porcine, nguruwe. Wakaimba kwa nguvu mpaka mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Nikawaongezea kwamba hata meno ya chonge Kiingereza huyaita canine, yaani ya mbwa. Binti mmoja wa dawati la mbele akaufumba mdomo wake pale pale, hakuufumbua hadi saa ya uji.

Tukafika kwa punda. Asinus, asinine. Hapo nikasita, maana najua Mwingereza akimwita mtu asinine anamaanisha ni mpumbavu wa kupindukia, na kumpa mtoto wa miaka minane tusi la Kilatini ni kama kumpa kiberiti. Nikakwepa. Nikasema maana yake ni mwenye sifa za punda. Punda ana sifa gani? Mikono ikainuka: anabeba mizigo, hachoki, halalamiki. Nikasema vizuri sana, kaeni. Ningejua, ningewapa hicho kiberiti.

Ningeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini darasa limenyamaza, macho yote kwangu, na mwalimu akitazamwa hivyo hulewa. Nikakunja shati, nikakaza mkono, nikawaonyesha msuli ukipanda na kushuka. Mnaona? Muscle ni musculus, kipanya! Warumi waliona kama kipanya kinakimbia chini ya ngozi. Watoto wakashika mikono yao kumtafuta panya.

Ndipo kijana wa dawati la nyuma, yule ambaye kila darasa huwa naye, akauliza, "Teacher, mbona ng'ombe hayupo?"

Nikamwambia ng'ombe ni bos, ndiyo bovine. Ila ng'ombe jike ni vacca, na humo ndimo lilimotoka neno vaccine. Nikawasimulia habari za daktari Edward Jenner wa Uingereza, aliyesikia kwamba wakamua maziwa wakishapata ndui ya ng'ombe, ile ndui yenyewe inayoua watu haiwashiki tena. Mwaka 1796 akachukua majimaji ya kidonda kwenye mkono wa mkamua maziwa, akayatia kwenye mkono wa mtoto wa mtunza bustani wake, mvulana wa miaka minane, na mtoto akasalimika. Nikachora ng'ombe na sindano. Ng'ombe alitoka vizuri. Sindano ndiyo iliyotoka kubwa kuliko ng'ombe. Kengele ikalia, nikaondoka kifua mbele. Mchoro nikauacha ubaoni.

Siku tatu baadaye ikaja kampeni ya chanjo ya surua na rubela. Mwaka ule walitakiwa watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15, kwa hiyo ni shule nzima. Manesi wawili wakaweka meza chini ya mwarobaini na kiboksi chao cha baridi. Mwalimu mkuu, mama mwenye shahada ya Kiingereza na asiyetaka kusikia Kiswahili paredi, akatangaza: leo kila mwanafunzi atapata vaccine.

Angesema chanjo, siku ingepita salama. Kiswahili kilipolipa jambo hili jina kilitazama wembe: unachanjwa, kwisha. Kiingereza kikaenda kutazama zizi.

Darasa la kwanza na la pili wakachomwa, vilio vya kawaida, pipi, hao. Ikafika zamu ya darasa la tatu. Nesi akamshika mkono yule kijana wa dawati la nyuma, akamwambia kwa upole, "Legeza msuli, baba."

Kijana akageuka kuwatazama wenzake, akapiga ukelele: "Wanamtia ng'ombe ndani ya panya!"

Sijawahi kuona mstari ukiyeyuka vile. Wawili walikuwa juu ya mwembe kabla sijavua miwani. Mmoja aliingia chooni akajifungia. Yule binti wa chonge alikaa chini ya meza ya manesi wenyewe, ameufumba mdomo na mikono ameikumbatia. Darasa la nne, ambao hawakujua hili wala lile, wakaona wenzao wanakimbia, nao wakakimbia. Halafu wale wa darasa la kwanza, waliokwisha kuchomwa, wakaanza kujipapasa vichwa kutafuta pembe.

Mwalimu mkuu alinijia taratibu, na huo utaratibu ndio uliokuwa wa kutisha. "Mwalimu, watoto wa watu umewaambia nini?"

Nikasimama chini ya mwembe nikajaribu kurekebisha. Nikawaambia ndui imekwisha duniani kwa chanjo hizo hizo. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na hata yeye alipona. Sauti ikatoka kwenye majani: "Teacher, Somalia ni mbali?" Elimu yangu ikaishia hapo.

Aliyetuokoa ni bibi mpishi wetu wa uji. Alikuja na mwiko mkononi, akapandisha mkono wa gauni hadi begani. Palikuwa na kovu la mviringo, limebonyea kidogo kama alama ya kidole kwenye unga.

"Hii ni ya ndui," akasema. "Hiyo ndiyo ya ng'ombe hasa, siyo hiyo yenu. Njoo ushike. Pembe ziko wapi?"

Wakashuka mmoja mmoja, wakashika kovu. Mtoto mmoja akauliza kwa adabu kama bibi hutoa maziwa.

"Nimenyonyesha saba," bibi akajibu, "na hakuna hata mmoja aliyelia moo."

Mstari ukarudi. Yule kijana akajitolea kuwa wa kwanza, akachomwa, akanyamaza kidogo, kisha akapanua mdomo: "Mooooo!" Tukaanza upya kuwakusanya.

Baadaye sana nilikuja kuona mchoro wa kejeli wa James Gillray, wa mwaka 1802: watu wazima wa London wamechanjwa, na ng'ombe wanawachomoza mikononi, puani na mdomoni. Nilijisikia nafuu. Lakini nafuu hiyo ilichelewa, maana siku ile ilibaki na kipande.

Manesi walipokuwa wanafunga kiboksi, yule mkubwa alitaka kuwafurahisha watoto kwa Kiingereza. Akawauliza nani amewafundisha maneno yote haya.

"Our teacher!"

"And is he a good teacher?"

Wakatazamana, wakatafuta neno kubwa kuliko yote waliyonayo, la mtu abebaye mizigo, asiyechoka wala kulalamika. Wakalisema kwa pamoja, kwa upendo, mpaka barabarani wakasikia: "Our teacher is asinine!"

Nesi akajifanya anatafuta kalamu mkobani. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama.

"Hilo," akasema, kwa Kiswahili, "wamelielewa vizuri."