Hii 25.2 ni namba ya nani?

Wiki jana nilikuwa kando ya uwanja mmoja huku Eastlands, mechi ya kirafiki ya mabinti imeisha, kocha amekaa na laptopu kwenye mapaja anasoma data ya vile vivesti vya GPS vya kupima mbio na spidi ya mchezaji (ndio, vile tulikuwa tunawachekea wanaume ati wamevaa sidiria). Timu ilivirithi mtumba kutoka kwa timu ya wanaume. Neno la kwanza kutoka kwake: winga hajakimbia leo, sprinti (mbio za kutimka kwa spidi kubwa) sifuri. Mimi huyo binti nilimwona kwa macho yangu, alimtoka beki wake mara nne na ile ya nne akabaki ameinama ameshika magoti anatafuta hewa. Sasa nani muongo, mimi ama mashine?

Hakuna muongo, shida ni mstari. Programu ilikuwa bado imesetiwa vile wanaume waliiacha, chini ya kilomita 25.2 kwa saa haikuhesabii sprinti. Na hiyo 25.2 inakaa ya kisayansi sana na hiyo pointi mbili yake, lakini igawanye kwa 3.6 uone, ni mita 7 kwa sekunde, basi. Namba nzima tu imevalishwa suti.

Tuseme winga wetu akijitupa wote anafika 27. Kwake 25.2 ni asilimia 93 ya uwezo wake. Mwanaume anayefika 33, hiyo hiyo ni asilimia 76. Yaani mmoja anaandikiwa sprinti akiwa na akiba tele mfukoni, mwingine lazima akaribie kupasua msuli ndo apate moja, na kwenye mechi hiyo 93 utaitoa wapi, unaanza kutimka mpira umetoka, unaanza tena beki amekukata. Juhudi yote inamezwa. Halafu kocha anaona sifuri, Jumanne anamwongezea mbio, miguu ambayo ilishalipa deni inalipishwa tena, na msuli wa nyuma ya paja ukikatika tutaambiwa mabinti wanaumia sana. Inaniudhi.

FIFA wenyewe kwenye ripoti yao ya Kombe la Dunia la wanawake Ufaransa 2019 waliweka mbio za kasi kuanzia 19 na sprinti kuanzia 23. Kwa 23 winga wetu yuko asilimia 85, hapo angalau unaanza kumwona.

Wenye kutaka mstari mmoja kwa wote nao wana lao, tusiwadharau. Mpira hauulizi asilimia zako. Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakikutana na fowadi wa kutimka 29, kumwambia beki wetu ametumia asilimia 95 hakuzuii goli. Tena ukimpa kila mtu mstari wake, mchezaji mzito wa mbio ataonekana ana sprinti kibao, na ukimpima spidi akiwa amechoka mstari wake unashuka na data yote inakuwa ya kumfurahisha. Na hata hiyo 23 ni wastani tu, beki wa kati na winga si mtu mmoja. Sawa, mstari mmoja uutumie kujilinganisha na wapinzani. Mzigo wa mwili wa mtu upime kwa mwili wake.

Na kusema kweli timu nyingi za hapa hata vivesti vya mtumba hazina. Lakini kuna njia ya daftari: mechi ikiisha ngoja kama nusu saa, muulize mchezaji imekuwa ngumu kiasi gani, sifuri hadi 10, zidisha kwa dakika alizocheza, huo ndio mzigo wake. Inashika hata vitu GPS haioni, kama kulala vibaya ama kuja bila kula. Ubaya wake, anayeogopa kuwekwa benchi atakuambia nne.

Huyo winga nilimuuliza akivua buti. Akasema tisa. Alicheza dakika 80, kwa hivyo 720. Kocha alikuwa bado ameinamia laptopu.