Abiria wa Nairobi Hununua Uhakika Kabla ya Kasi

Kila mradi wa usafiri unapozinduliwa jijini Nairobi, hotuba hutaja mambo mawili: dakika zitakazookolewa na shilingi zitakazolipwa. Mimi naona kwamba hesabu hiyo si ile ambayo watu huifanya wenyewe alfajiri, wakiwa wamesimama stejini. Mtu anayetoka Githurai kwenda kazini katika Eneo la Viwanda haitafuti njia ya haraka kuliko zote, wala ile ya nauli ndogo kuliko zote. Anatafuta njia ambayo hata ikimwendea vibaya, haitamvurugia siku nzima. Wastani wa safari haumsaidii sana, kwa sababu msimamizi wake hamkati mshahara kwa wastani. Humkata kwa ile asubuhi moja aliyochelewa.

Chukua uamuzi unaoonekana mdogo kabisa, wa kuchagua matatu katika foleni ya magari yanayoelekea mtaa mmoja. Matatu nyingi haziondoki kwa saa; huondoka zikijaa. Kwa hiyo abiria huhesabu vichwa kupitia dirishani, husikiliza kama injini inanguruma, na hutazama kama dereva ameketi kwenye usukani au bado anapiga soga na wenzake kando ya barabara. Manamba, yaani wapiga debe wanaoita abiria, nao wanaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana kwenye baadhi ya steji huwaketisha vijana wao ndani ili gari lionekane limebakiza viti viwili tu, kisha vijana hao hushuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Abiria mzoefu naye hujibu kwa kukagua aliyeketi karibu na mlango: je, ana mkoba, ana mtoto, au amekaa mikono mitupu kama mtu asiye na safari? Sioni jinsi mtu anayefanya upelelezi wa namna hii kila asubuhi anavyoweza kusemwa kwamba husafiri bila kufikiri.

Nauli yenyewe haina msimamo. Panapotua wingu, safari ya shilingi 50 inaweza kuwa ya shilingi 100 kabla ya tone la pili kuanguka, na aliyeweka kando pesa kamili za kurudi nyumbani hujikuta amekwama mjini. Hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wanaotoka kazini mapema, wapo wanaongoja hadi umati upungue, na wapo wanaotembea hadi Ngara au Muthurwa kutafuta gari la bei nafuu. Kuna pia ujanja wa wale wanaokaa katikati ya njia, mahali kama Roysambu, ambako magari ya asubuhi hupita yakiwa yameshajaa: mtu hupanda gari linalokwenda upande usio wake, hulipa ziada hadi mwisho wa njia, kisha hurudi nalo hadi mjini akiwa ameketi. Kwenye karatasi amepoteza muda na pesa, lakini amepata kiti na anajua atafika.

Hata kutembea nakusoma kwa mtazamo huo. Tafiti za usafiri jijini zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takribani safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, na sababu kuu ni umaskini. Sitaki kulipamba jambo hilo. Hata hivyo, kwa mkazi wa Kibera au Mukuru anayefanya kazi viwandani, miguu ndiyo usafiri pekee ambao hauongezi bei kwa sababu ya mvua wala haubadilishi muda wake kwa sababu ya msongamano.

Wataalamu wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Daniel McFadden wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2000, alitabiri kabla ya treni za BART kuanza kazi katika eneo la San Francisco kwamba asilimia 6.3 ya watu wangezitumia kwenda kazini. Ilipohesabiwa baadaye ilikuwa asilimia 6.2. Katika hesabu yake hakuzichukulia dakika zote kuwa sawa: dakika ya kungoja ilikuwa na uzito zaidi kuliko dakika ya kukaa ndani ya gari. Naupenda mfano huo, ila abiria wa San Francisco alikuwa akilinganisha safari zenye ratiba, ilhali wetu hulinganisha bahati nasibu kadhaa.

Somo la pili linatoka London. Wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi walipogoma kwa siku mbili mwezi Februari 2014, watu walilazimika kujaribu njia nyingine, na watafiti waliochunguza rekodi za kadi za nauli walikuta kwamba takribani asilimia 5 hawakurudia njia zao za zamani mgomo ulipokwisha. Wengi huona hapo ushahidi kwamba sisi sote ni watumwa wa mazoea, tusiotafuta njia bora hadi tulazimishwe. Nairobi nasi tulilazimishwa tarehe 3 Desemba 2018, kaunti ilipozuia matatu kuingia katikati ya jiji, na maelfu ya watu wakatembea, wakiwemo wazee na wagonjwa, hadi agizo hilo likasitishwa haraka. Sidhani tulijifunza njia mpya siku ile. Kwa anayeweza kupoteza kibarua kwa kuchelewa mara moja, kujaribu njia mpya ni ghali mno, na mazoea yake ni bima aliyoilipia kwa miaka mingi.

Kwa wanawake uhakika una maana nyingine pia. Novemba 2014 waandamanaji walijaa barabara za jiji baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani na wanaume stejini, na tangu zamani hadi leo wapo wengi wanaochagua gari kwa kuangalia ni la sako gani (ushirika wa wenye matatu), ni nani yumo ndani, na kama kituo cha kushukia kina taa. Njia fupi yenye giza si fupi.

Ukweli ni kwamba uhakika unauzwa Nairobi, ila kwa wachache. Barabara ya Nairobi Expressway yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na anayewahi ndege hulipa ada bila kusita kwa sababu anajua atafika lini. Bodaboda na waenda kwa miguu hawaruhusiwi huko juu. Kwa wasio na gari, kitu kinachokaribia uhakika huo ni treni ya abiria, kama ile ya Syokimau ambayo kituo chake kilifunguliwa mwaka 2012: safari ni chache na mabehewa hujaa, lakini ina saa ya kuondoka na nauli haipandi na mvua, na nadhani ndiyo maana wanaoishi karibu na reli huivumilia.

Kwa hiyo ningeiomba NAMATA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2017 kusimamia usafiri wa eneo la jiji, ibadilishe kipimo chake. Mabasi yaendayo kasi ya barabara ya Thika, ambayo vituo vyake vilijengwa na kukaa kwa muda mrefu bila basi, yasipimwe kwa mwendo wa siku ya uzinduzi, barabara ikiwa imefagiliwa na viongozi wameketi mbele. Yapimwe Jumatatu asubuhi ya mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha: je, nauli imebaki ileile, na basi limeondoka kwa wakati hata viti vitatu vikiwa wazi?