Impreza WRX au Legacy ya turbo mbili: ipi inatunzika Uganda?

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Subaru Impreza WRX za miaka ya 1990 na Legacy GT-B za 1998 hadi 2003 tulizo nazo ndizo hizo hizo. Anayenunua leo aangalie kwanza ipi itatengenezeka, ndipo aulize ipi inakimbia.

Zote zina injini ya EJ20 ya lita 2. WRX ya 1992 ilikuja na turbo moja (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na nguvu farasi 240. Legacy ina mbili: ya gia za mkono farasi 280, ya otomatiki 260, ila ni nzito kwa zaidi ya kilo 200.

Utamu wa Legacy unauona ukipita malori milimani kati ya Masaka na Mbarara. Turbo ya kwanza inasukuma mapema, wakati WRX bado inajikusanya. Tatizo ni pale ya pili inapopokea kazi, karibu na mizunguko 4,500 kwa dakika: nguvu inalegea kidogo, kisha inarudi kwa kishindo. Ukijaribu gari, weka gia ya tatu na ukanyage kutoka 2,500. Ukipita 5,000 bila msukumo wa pili, gari linaumwa.

Mara nyingi turbo yenyewe ni nzima. Mfumo unaongozwa na mipira mingi myembamba ya vakyumu (mvuto wa hewa) inayoingia kwenye kisanduku cheusi cha solenoidi, yaani valvu za umeme, na joto la miaka 20 huikausha ikapasuka. Badilisha yote kwa mipira ya silikoni, mmoja mmoja. Ukiing'oa kwa pamoja bila alama, kuirudisha ni mateso. Mafundi wengi huziba turbo ya pili na kuita kazi imekwisha. Legacy ya namna hiyo usiinunue, hata kwa bei ya kutupa.

WRX haina fumbo hilo, na fundi yeyote mzoefu wa Kisekka, soko la vipuri Kampala, anaijua. Udhaifu wake ni giaboksi ya gia tano: ukiachia klachi kwa fujo, meno ya gia yanakatika. Bora hiyo, maana giaboksi inashushwa na kufunguliwa, lakini hitilafu ya vakyumu inaweza kukuzungusha miezi.

Kwa matumizi ya kila siku, WRX inashinda. Legacy namshauri tu mwenye subira na fundi anayesoma michoro ya mipira.

Zote mbili zilipangiwa petroli ya Japani yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) takriban 100, hivyo usiongeze presha ya turbo kwa petroli yetu. Injini ikigonga, yaani petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, pistoni hupasuka. Pima oili kila kilomita 1,000. Barabara za murram zinataka filta ya hewa ya karatasi ndani ya boksi lake, kwani vumbi linalopita filta ya koni hula mapanga ya turbo. Mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu za injini, ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na roli zake na pampu ya maji, na kama muuzaji hana ushahidi, uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa: ukikatika, valvu zinapinda.