Glezi za Lucie Rie zilistahili nafasi kubwa zaidi

Makala yenu imemsifu Lucie Rie kwa wembamba wa mabakuli yake, lakini glezi, yaani ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo, imetajwa katika sentensi moja tu, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Mfinyanzi huyu, aliyezaliwa Vienna mwaka 1902 na kuhamia London mwaka 1938, alipaka glezi kwa brashi juu ya udongo mkavu usiochomwa, kisha akauchoma mara moja tu katika tanuri la umeme, ilhali wafinyanzi wengi wa studio huchoma mara mbili. Chombo kibichi hunywa maji ya glezi na huweza kumeguka mkononi, kwa hiyo njia hiyo ilidai mkono mwepesi mno. Vishimo vinavyofanana na jiwe la volkano alivipata kwa kuchanganya kwenye glezi silikoni kabidi, kiwanja kigumu cha silikoni na kaboni, ambayo hutoa gesi tanurini na kuacha mapovu yaliyopasuka. Mimi huvutiwa zaidi na kingo za mabakuli yake zenye glezi ya manganizi (aina ya metali) na shaba, zenye mng'ao wa dhahabu iliyofifia, zinavyochuruzika taratibu kuelekea kwenye weupe wa bakuli.