Alama nne na nusu za Herbert Needleman

Mwaka 1979 daktari wa watoto wa Marekani, Herbert Needleman, alichapisha utafiti uliotegemea kitu ambacho nyumba nyingi hukitupa: jino la utoto lililong'oka. Watoto wa madarasa ya mwanzo katika miji ya Chelsea na Somerville, jimbo la Massachusetts, walitoa meno yao, na maabara ikapima madini ya risasi ndani ya dentini, yaani sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya tabaka la nje. Alichagua jino kwa sababu risasi ikiingia mwilini huchukua nafasi ya kalsiamu, ikatulia kwenye mifupa na meno kwa miaka, wakati damu imeshaanza kusafika.

Watoto hao hakuna aliyeonekana mgonjwa. Hata hivyo, wenye risasi nyingi walipata wastani wa 102.1 katika kipimo cha akili, na wenye risasi kidogo 106.6.

Waliompinga hawakuwa wajinga. Walisema nyumba chakavu yenye rangi ya zamani inayobanduka ndiyo yenye risasi, na mara nyingi ndiyo yenye umaskini pia. Utajuaje kipi kimemrudisha mtoto nyuma? Walisema huenda mambo yako kinyume, kwamba mtoto aliye na tatizo tangu mwanzo ndiye anayetia kila kitu mdomoni. Wakauliza kwa nini kati ya watoto zaidi ya 2,000 waliotoa meno, waliolinganishwa ni 158 tu. Needleman alikuwa ameingiza elimu ya mama, hali ya kazi ya baba na akili za wazazi katika hesabu zake, lakini utafiti mmoja haumalizi jambo zito kama hili. Kudai tafiti nyingine ilikuwa haki yao.

Kinachoniuma ni hoja nyingine, ile inayosikika mpaka leo: alama nne ni kitu gani? Mtoto huyohuyo akipimwa Jumatatu na tena Alhamisi anaweza kupishana kiasi hicho.

Kwa mtoto mmoja, sawa. Lakini tuchukue watoto 1,000,000 wenye wastani wa 100, alama zao zikitawanyika kama ilivyo kawaida ya vipimo hivi. Walio chini ya 70, wengi wao wakihitaji msaada wa pekee ili wajifunze, ni kama 23,000. Sasa shusha wastani kwa alama 5 tu, mengine yote yabaki vilevile. Wanakuwa karibu 48,000. Upande wa juu, waliozidi 130 wanapungua kutoka 23,000 hadi kama 10,000. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye wale 25,000 walioongezeka. Hawana homa wala hawalazwi. Kila mmoja yuko kwenye dawati fulani, na mwalimu anaamini ni mvivu.

Needleman aliwauliza walimu pia, bila wao kujua jino la nani lina nini. Je, mtoto huyu anavurugika haraka? Anashindwa kufuata maagizo mepesi? Anaota mchana? Kadiri risasi ilivyopanda, majibu mabaya yalipanda nayo, ngazi kwa ngazi.

Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili, Claire Ernhart na Sandra Scarr, walimshtaki kwa ukiukaji wa maadili ya utafiti. Wote wawili walikuwa wameitwa kuwa mashahidi wa kitaalamu upande wa kampuni katika kesi ya uchafuzi wa risasi huko Utah. Yeye alidai kikao kifanyike hadharani, wazi kwa kila mtu. Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alikokuwa akifundisha, kilikuta makosa, hakikukuta udanganyifu.

Jibu la kisayansi lilichelewa zaidi. Mwaka 2005 mtafiti Bruce Lanphear na wenzake waliunganisha takwimu za watoto 1,333 kutoka makundi saba, likiwemo la Cleveland, ambako Ernhart mwenyewe alikuwa amefuatilia watoto kwa miaka. Risasi ya damu ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, alama 3.9 zilipotea, kutoka 10 hadi 20, zilipotea 1.9 tu. Yaani hasara kubwa iko mwanzoni kabisa, pale tulipokuwa tukiambiwa pana usalama.

Ukiwa na takwimu hizo, rudi kwenye utafiti wa 1979. Baadhi ya watoto wale walikuwa na vipimo vya damu vya miaka ya nyuma. Kundi la risasi nyingi lilikuwa na wastani wa kama mikrogramu 35 kwa desilita, na kundi la risasi kidogo kama 24. Tangu 2021 Marekani inamhesabu mtoto kuwa wa kufuatiliwa akifikia 3.5. Watoto waliotumiwa kama mfano wa afya walikuwa wamepita kiwango hicho karibu mara saba, na zile alama nne na nusu zilipimwa kuanzia kwao.