Mchele wa Dhahabu uliwekewa jeni mbili, na promota ndizo huziwasha

Mchele wa Dhahabu ni mpunga uliobadilishwa jeni ili punje zake ziwe na beta-karotini. Wapo wanaosema uliwekewa "jeni ya vitamini A". Jeni ya namna hiyo haipo. Ziliwekwa mbili, psy ya mmea na crtI ya bakteria, zinazotengeneza beta-karotini. Mwili wa mlaji ndio huigeuza kuwa vitamini A. Na kuziingiza tu hakutoshi: lazima ziwake pamoja, ndani ya punje.

Kila jeni hupewa promota, yaani swichi yake. Toleo la mwaka 2000 lilitumia psy ya dafodili chini ya promota ya glutelini (protini ya akiba ya punje), inayowaka kwenye punje tu, na crtI chini ya promota 35S ya kirusi, inayowaka karibu mmea mzima. Likatoa takriban mikrogramu 1.6 za karotenoidi (kundi la rangi lenye beta-karotini) kwa gramu. Mwaka 2005 ikaja psy ya mahindi, zote mbili zikawekwa chini ya glutelini, na kiwango kikafika hadi 37. Kilichobana zaidi kiwango cha toleo la kwanza kilikuwa ile psy ya dafodili. Tena crtI huungwa na kipande cha protini ya njegere kinachopeleka kimeng'enya chake kwenye plastidi, yaani vijumba vya ndani ya seli ambako karotenoidi hutengenezwa. Bila kipande hicho, kimeng'enya kingebaki nje na malighafi iko ndani.

Kurudia promota moja kuna hatari: mfuatano unaojirudia unaweza kunyamazishwa na mmea, pengine vizazi kadhaa baadaye. Ndiyo maana huteuliwa mimea yenye nakala moja ya kipande chote cha DNA kilichobeba jeni hizo, kisha hupimwa kizazi hadi kizazi. Jeni zikikaa kwenye kipande kimoja, ni nadra kutengana mnapochavusha.