Kwani Miguu Umeiacha Dar?

Nimerudi jana kutoka Lushoto na hasira bado ninazo, kwa hiyo mnivumilie.

Chumba kilitangazwa kuwa ni "cha familia". Kitanda kikubwa, kitanda kidogo, mablanketi mazito matatu (mliowahi kulala kule mwezi wa saba mnajua kwa nini), na juu ya kitanda taulo mbili zilizokunjwa zikawa bata wanaobusiana. Bafuni kuna choo, shawa, na sinki la kunawia lenye ukubwa wa bakuli la mchuzi. Basi. Mwanangu ana miezi saba. Alikuwa kwenye basi tangu alfajiri, tukaanza kupanda zile kona za kutoka Mombo, na tulipokaribia Soni akatapika maziwa yote, nusu yake nusu yangu. Tulinuka kama mtindi uliosahauliwa juu ya kabati.

Nikashuka mapokezi.

"Samahani kaka, naomba beseni la kumwogeshea mtoto."

"Mabeseni hatuna, dada."

Nyuma yake, uani, niliyaona manne kwa macho yangu, yameegemezwa ukutani yanakauka.

"Na yale?"

"Yale ya usafi. Wateja hawapewi."

Haya. Kwa shingo upande nakubali kwamba beseni lililolowekwa matambara ya deki si la kumtia mtoto, na huenda yule kijana aliniepusha na vipele. Lakini jamani, familia yao ina nani na nani? Watu wazima wawili na begi? Beseni jipya ni bei ya chipsi mayai. Linunueni moja, liandikeni MTOTO kwa rangi nyekundu, liwekeni stoo. Muda wa kukunja bata mliupata.

Nikarudi chumbani. Baba mtoto, Mungu ambariki, akasema, "Si tumwingize tu chini ya shawa?" Shawa yenyewe ni ile yenye hita kichwani. Mnaijua tabia yake: ukifungua maji mengi yanatoka ya baridi, ukiyapunguza yanaunguza, kwa sababu maji machache yanakaa kwenye hita muda mrefu zaidi. Mtu mzima anaruka pembeni na kutukana. Mtoto wa miezi saba aliyepakwa sabuni, anayeteleza kama kambale, huku umemshika kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye koki, anarukia wapi?

Nikakaa kitandani pembeni ya bata wangu, nikalia. Kweli nililia. Nyumbani nina beseni la waridi lenye kiti ndani na tundu la kutolea maji, nililoletewa zawadi, pamoja na bata wa plastiki anayepima joto la maji. Kwa miezi saba sijawahi kumwogesha mwanangu nje ya lile beseni. Tulipofika stendi kondakta aliliangalia, akaangalia buti, akatikisa kichwa, tukalirudisha kwa bodaboda. Na mimi, mama mzima mwenye shahada, nikawa siwezi tena kumsafisha mtoto wangu.

Nikampigia mama.

"Unalia nini?"

"Sina beseni, mama. Mtoto anatapika, ananuka, hapa baridi, hakuna pa kumwogeshea."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Kwani miguu umeiacha Dar?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi, Pangani, uani kwake. Kigoda, ndoo, kopo, na miguu miwili imenyooshwa mbele imebanana. Juu ya ile miguu wamepita watoto wake, wajukuu, na watoto wa majirani ambao mama zao walikuwa bado wanakandwa ndani. Bibi hakuwahi kumiliki beseni la mtoto na asingeelewa ukimweleza kwamba lipo la namna hiyo na lina kiti.

Mama akabaki kwenye spika, mimi nikawa mikono yake. Mama wa jikoni pale gesti, ambaye mapokezi hawakumtaja kabisa, akaniletea ndoo ya maji yaliyochemshwa kwa kuni, nyingine tupu iliyosuguliwa mpaka inalia, na kigoda chake mwenyewe. Maji ya baridi kwanza, ya moto juu yake, usigeuze hata siku moja. Koroga mpaka chini, kisha tia kiwiko. Kiwiko kisipohisi moto wala baridi, yanafaa. (Bata wangu wa plastiki angesema 37. Kiwiko hakitumii betri.) Mlango ufungwe, taulo iwe karibu, nguo zimepangwa kwa kufuatana na uvaaji.

Nikakaa, nikanyoosha miguu, visigino juu ya kile kikuta kidogo cha shawa ili kichwa kisiwe chini. Nikatandika khanga iliyoloweshwa juu ya miguu, maana kwenye ngozi tupu mtoto anateleza. Nikamlaza chali, kichwa karibu na vifundo, nyayo tumboni kwangu, ananitazama. Akanyamaza! Nyumbani kwenye kiti chake cha waridi hulia mpaka jirani anagonga. Kopo, sabuni kidogo, mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio. "Sasa mgeuze," sauti ya mama, "kifua kilale juu ya miguu, mkono wako usiondoke." Maji yanatiririka pembeni yanakwenda zake. Hakuna dimbwi la kumzamisha mtoto. Maji yanayofika kifundo tu kwenye beseni yanatosha kumuua ukigeuka kuchukua taulo.

Sisemi mabeseni yachomwe moto. Aliyejifungua kwa upasuaji, au mwenye mgongo kama wa dada yangu, beseni juu ya meza ni rehema, na mwenye kitovu kibichi bado ni wa kupanguswa tu. Wala bafu la kulala la hoteli kubwa silionei wivu; unapiga magoti kwenye vigae kama umekosa. Wanaosema "futa tu na waipsi" hawajakutana na tapishi la Soni. Wanaosema mtoto si lazima aogeshwe kila siku wana haki: kwa baridi ile siku ya pili nilimpangusa uso, shingo na makalio, yakaisha. Wanaosema ningemtia kwenye bwawa la kuogelea siwajibu.

Kinachonichoma ni kwamba mama aliyajua haya yote muda wote, na mimi sikumuuliza hata mara moja. Alikuja kunilea siku arobaini, akaliona beseni la waridi, akaona ninavyolisifia, akanyamaza. Nilipomuuliza juzi kwa nini, akasema, "Ulikuwa umefurahi."

Asubuhi ya kuondoka nikaletewa bili. Chumba, siku mbili. Chai. Na chini kabisa, kwa kalamu: maji moto, ndoo 1, shilingi 2,000.

Hiyo nikampelekea mama wa jikoni mkononi mwake. Iliyobaki nikalipa mapokezi, nikadai risiti.